Profesa Aliyesoma Wadudu

Ukisikia neno "profesa" unafikiri nini? Wengi wetu tunamfikiria mzee mwenye miwani, anayesema maneno magumu, na ambaye hajui hata bei ya chumvi. Huenda maprofesa wa namna hiyo wapo. Lakini leo tutaeleza habari za profesa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwasoma mbung'o, nzige na funza wa mahindi. Hao ni wadudu tunaowajua vizuri sana sisi wenyewe, maana wanakula chakula chetu na kuua ng'ombe wetu.

Mtu huyo aliitwa Thomas Risley Odhiambo. Alikuwa Mkenya. Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma katika shule ya Maseno, upande wa Kisumu, kisha akaenda Makerere, Uganda. Siku zile, kijana wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyetaka masomo ya juu bila kutoka Afrika ya Mashariki alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni Makerere.

Baba anayelinda mayai

Baada ya Makerere, Odhiambo alifanya kazi katika idara ya kilimo huko Uganda. Kazi yake ilikuwa wadudu. Aliwachunguza hasa wadudu wa jamii ya kunguni wanaofyonza maji ya mimea. Mkulima wa pamba anawajua wadudu wa namna hiyo.

Katika uchunguzi wake alikutana na mdudu mmoja wa ajabu. Huyu hafyonzi mimea. Anawinda wadudu wengine na kuwafyonza. Jike akishataga mayai yake juu ya jani, dume ndiye anayebaki. Anasimama juu ya mayai, anayalinda yasiharibiwe na maadui, mpaka watoto watoke. Odhiambo aliandika habari hiyo mwaka 1959, ikachapishwa Uingereza.

Sasa utauliza: habari ya mdudu kulinda mayai itatupa ugali? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba peke yake haikupi. Lakini mwindaji asiyejua mnyama analala wapi, anakunywa maji saa ngapi na anazaa lini, atarudi nyumbani mikono mitupu. Na mdudu ni hivyo hivyo. Ukimjua mdudu anayekula wenzake, pengine utaacha kumwua pamoja na wale wanaokula pamba yako.

Nzige mvivu

Kutoka Uganda, Odhiambo alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwalimu wake alikuwa Vincent Wigglesworth, bingwa mkubwa wa miili ya wadudu. Bingwa huyu alikuwa amefanya jambo ambalo ukilisikia hutaamini. Alimkata kichwa mdudu mmoja anayenyonya damu, na mdudu yule akaendelea kuishi. Ila akikatwa mapema, habadilishi ngozi. Akikatwa baadaye, anabadilisha. Kwa njia hiyo Wigglesworth alionyesha kwamba kichwani mwa mdudu hutoka dawa fulani ya mwili, inayoingia katika damu na kuuambia mwili: sasa kua, vua ngozi ya zamani. Dawa za namna hiyo wataalamu huziita homoni. Hata sisi watu tunazo.

Odhiambo naye alichukua nzige dume wa jangwani. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna vijitezi vidogo sana, vidogo kuliko punje ya ulezi. Hivyo hutoa homoni. Odhiambo alivitoa, akamwacha nzige aishi. Nzige yule hakufa, lakini alianza kujaa mafuta mwilini, na kutembeatembea kwake kukapungua. Akawa mvivu!

Fikiri kidogo juu ya jambo hilo. Nzige ni tishio kwa sababu anakwenda. Leo yuko kwa jirani, kesho yuko kwako. Na kumbe mwendo wake unategemea pia kitu kidogo kama kile. Kazi hiyo ilimpatia Odhiambo digrii ya udaktari mwaka 1965. Huu si udaktari wa hospitali. Ni digrii ya juu kabisa ya kusomea, na huipati kwa kukariri ya wengine. Lazima ugundue jambo jipya, uliandike, na mabingwa wakuhoji mpaka waridhike.

Ngazi za chuo kikuu

Mwaka huohuo alirudi Nairobi kufundisha. Chuo cha Nairobi wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Vyuo hivyo vitatu vilitengana mwaka 1970, kila kimoja kikawa chuo kikuu chake.

Katika chuo kikuu watu hupanda ngazi. Kwanza mtu ni mhadhiri, yaani mwalimu. Baadaye huwa mhadhiri mwandamizi. Juu kabisa ndipo kuna profesa. Mtu hapandi kwa sababu ya mvi. Anapandishwa kwa kazi alizozichunguza na kuziandika, nazo husomwa kwanza na wataalamu wengine wanaotafuta makosa. Odhiambo alipanda haraka. Mwaka 1970 alikuwa profesa wa elimu ya wadudu, tena mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo. Kitivo ni kama idara kubwa ndani ya chuo. Mkuu wake ndiye anayeangalia nani afundishe nini, wanafunzi wangapi waingie, na fedha zigawanywe vipi. Ni kazi ya vikao na makaratasi mengi.

Shauri la mwaka 1967

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1967, Odhiambo aliandika makala katika gazeti kubwa la wanasayansi la Marekani liitwalo Science. Alieleza kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zinahitaji sayansi ili ziendelee, na kwamba haifai kutawanya nguvu kidogo kidogo kila mahali. Afadhali kuwa na vituo vichache vyenye nguvu, vinavyosomea mambo yanayotuhusu sisi. Na wadudu wanatuhusu. Baridi kali ya Ulaya huua wadudu wengi kila mwaka. Huku kwetu wanazaana mwaka mzima.

Makala hiyo ilisomwa mbali. Carl Djerassi, mkemia wa Marekani ambaye alikuwa mmoja wa watu waliofanya kazi iliyoleta vidonge vya kupanga uzazi, aliunga mkono shauri hilo. Wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana. Mwaka 1970 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu. Kinaitwa ICIPE. Odhiambo akawa mkurugenzi wake. Kilianza kwa unyonge, katika majengo madogo kwenye eneo la chuo kikuu huko Chiromo. Mabingwa wa ng'ambo walikuja kwa majuma machache kila mwaka kuelekeza kazi, na vijana walibaki hapo kuifanya.

Baadaye kituo kilipata makao yake Kasarani, Nairobi. Wakayaita Duduville, yaani mji wa madudu! Kikajengwa na kituo kingine huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ili wataalamu wafanye kazi katikati ya wakulima wenyewe.

Odhiambo alikiongoza kituo hicho miaka 24. Hapa nasema maoni yangu mwenyewe. Mtu akiwa mkurugenzi, darubini yake inaanza kuota vumbi. Yeye sasa anaandika barua za kuomba fedha, anapanda ndege kwenda kwa wafadhili, anasuluhisha ugomvi wa wafanyakazi. Tulipoteza mchunguzi mmoja hodari sana. Lakini tulipata nyumba ya wachunguzi, na tangu mwaka 1983 kituo kimekuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa nchi nyingi za Afrika mpaka digrii ya udaktari, hapahapa Afrika. Mimi naona biashara ile haikuwa na hasara.

Mbung'o si kama kuku

Tuchukue mfano wa mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Nzi hawa huleta ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kuna mapori makubwa yenye majani mazuri ambayo hayana mfugaji kwa sababu yao.

Nzi wa chooni hutaga mayai mengi kwa mara moja. Mbung'o hafanyi hivyo. Jike hubeba mtoto mmoja tu tumboni, anamlisha humohumo ndani kwa maji kama maziwa, na baada ya siku tisa hivi anamzaa chini. Mtoto hujichimbia udongoni, akatoka akiwa nzi kamili baada ya mwezi mmoja hivi. Kwa uzazi, basi, mbung'o ni kama ng'ombe, si kama kuku. Hii ndiyo siri yake, na ndio udhaifu wake. Ukiweza kuua majike wachache tu kila siku, bila kuacha, kabila lote linapungua. Huhitaji kufyeka pori lote wala kumwaga sumu toka angani.

Wataalamu wa ICIPE walikwenda Nguruman, kusini mwa Kenya, katika nchi ya Wamasai karibu na mpaka wa Tanzania. Katika miaka ya 1980 walitengeneza mtego wa nguo. Sehemu moja ni buluu, nyingine nyeusi, na juu kuna chandarua. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu toka mbali. Akifika hutua kwenye nyeusi, akidhani ni mnyama. Akiruka hufuata mwanga kwenda juu, anaingia kwenye mfuko, basi. Hatoki tena, anakufa kwa jua.

Halafu kuna harufu. Mbung'o humtafuta ng'ombe kwa kunusa. Kwa hiyo chini ya mtego waliweka chombo chenye mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa, pamoja na dawa iitwayo asetoni. Nguo hushonwa kijijini. Mkojo, nadhani huhitaji kuambiwa unapatikana wapi.

Mbung'o wa Nguruman walipungua sana. Katika kila kumi waliokuwako hakubaki hata mmoja. Lakini tusidanganyane. Mvua zikija, mbung'o wengine waliingia toka mapori ya jirani. Na mitego inataka kutunzwa: nguo huchanika, tembo na nyani huvuruga, mkojo hukauka. Watu walipolegea, nzi walirudi. Mtego wa kijiji kimoja hautoshi kama jirani hana, na hata mzuri namna gani hauwezi kujishona wenyewe.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1985 Odhiambo na wenzake walianzisha chama cha wanasayansi mabingwa wa Afrika nzima, chenye makao Nairobi. Yeye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa. Aliipata pamoja na Abdou Diouf, aliyekuwa rais wa Senegal. Mmoja alikuwa mkuu wa nchi, na mwingine mwalimu wa wadudu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo ya fedha ya kituo hayakuwa mazuri. Kituo kinachokula kwa mkono wa wafadhili hulala njaa mkono huo ukirudi nyuma. Mwaka 1994 Odhiambo aliacha ukurugenzi. Nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi, naye ni mtaalamu wa wadudu.

Kazi haikufa. Huko Mbita, katika miaka hiyohiyo, Zeyaur Khan, mtaalamu kutoka India, pamoja na wenzake wa Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipata njia inayoitwa "Vuta Sukuma." Katikati ya mistari ya mahindi unapanda jani liitwalo desmodiamu. Kipepeo anayezaa funza haipendi harufu yake, anasukumwa nje. Kuzunguka shamba unapanda mabingobingo. Kipepeo anavutwa huko, anataga huko, na funza wengi wakitoboa bua la mabingobingo wananaswa na utomvu wake na kufa. Tena mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi toka chini. Na majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe.

Profesa Odhiambo alifariki tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Kituo cha Mbita kimepewa jina lake. Wakulima wa pande zile wameendelea kufika hapo kuuliza habari za mbegu ya desmodiamu, maana si rahisi kuipata kila mahali, na wengine huanza kwa kuomba vipande vya shina kwa jirani.