Wiki ya Mgeni: Kupanga Matembezi ya Siku Saba Kuanzia Mambrui

Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, nyumba nyingi za Mambrui, Gongoni na Malindi hujaa wageni. Jamaa hutoka Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo, na swali huwa ni lile lile: wageni hawa wapelekwe wapi? Mara nyingi huishia ufuoni Jumamosi, ufuoni tena Jumapili, na kufikia Jumanne nauli imekwisha na watoto wamechoka. Wakati huohuo, wapo vijana waliokulia mwendo wa saa moja tu kutoka Gede ambao hawajawahi kuingia humo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hupona pale ambapo fedha za matembezi zinabaki kwa nahodha wa hapa, kwa kijana anayeongoza wageni msituni, na kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Wiki iliyopangwa vizuri humfaa mgeni na mwenyeji pia. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga bila kupoteza siku wala fedha.

Anza na mwezi, kisha kalenda

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchagua siku za baharini bila kuuliza maji. Mtu hukodi mashua kwenda kutazama matumbawe, akafika maji yamejaa na hakuna kinachoonekana. Au hufika Mida kwa safari ya mtumbwi, akakuta matope matupu.

Wavuvi hawahitaji kufundishwa jambo hili, lakini wengi wa wanaopanga safari si wavuvi. Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndio wakati wa bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana. Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja mambo huwa yamegeuka: saa ambayo maji yalikuwa yamekupwa, sasa yamejaa. Hapo ni wakati wa maji mafu, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa ni ndogo.

Kwa hiyo, anayetaka kuona matumbawe na fungu la mchanga aanze wiki yake karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mpango ulio hapa chini umefuata hesabu hiyo. Saa kamili za kila siku zitazamwe kwenye jedwali la maji, au aulizwe nahodha wa eneo husika siku moja kabla.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Kusi linapovuma, kuanzia Aprili, mawimbi huwa makubwa, na mvua za masika hufanya barabara za udongo kuwa ngumu. Mto Sabaki nao hujaa udongo baada ya mvua, na bahari ya Mambrui na Malindi hugeuka kuwa nyekundu. Hilo likitokea, siku za bahari zihamishiwe Watamu.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza: Mambrui. Wageni huwa wamechoka na safari, hivyo siku hii haihitaji gari. Asubuhi watembezwe mji wa zamani na kuonyeshwa kaburi la nguzo, ambalo lilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Nguzo yenyewe ilianguka mwaka 1934. Mwaka 2010 wataalamu wa China na wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichimba Mambrui na kupata sarafu ya China ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Ni zama zile zile ambazo twiga kutoka Malindi alifikishwa China, mwaka 1415. Mtoto akielezwa hayo akiwa amesimama mahali penyewe, hatayasahau. Jioni, matembezi ya mlango wa Mto Sabaki yanatosha. Ndege wa majini hukusanyika hapo kwa wingi, na viboko wapo. Watazamwe kwa mbali, pamoja na kiongozi anayewajua.

Siku ya pili: Watamu, baharini. Safari ianze mapema, kwa sababu maji yatakupwa mnamo saa tano. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Matumbawe yasikanyagwe wala kuvunjwa, na kombe zisichukuliwe. Kufanya hivyo ndani ya hifadhi ni kosa kisheria. Wageni walale Watamu au Gede usiku huu na unaofuata. Kurudi Mambrui kila jioni hula nauli na saa nyingi.

Siku ya tatu: Gede asubuhi, Mida jioni. Mji wa Gede ulianza karne ya 12, ukastawi karne ya 15, na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ndani mna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na nyumba za mawe zilizozungukwa na miti mikubwa. Karibu na lango upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Jioni, maji yakiwa yanajaa, waende Mida. Mtumbwi hupita katikati ya mikoko, na kisiwa cha Kirepwe kimo humo humo. Asiyependa chombo atumie daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko. Mapato ya daraja hilo huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika familia zinazopakana na msitu na hori. Hivyo kiingilio cha mgeni mmoja humsaidia mtoto wa jirani kubaki darasani.

Siku ya nne: Arabuko-Sokoke alfajiri, Malindi alasiri. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndege na wanyama huonekana zaidi kabla ya jua kuwa kali, hivyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi isiwakute kitandani. Sange mwenye kiuno cha dhahabu hukimbia kwenye majani makavu, na kwera wa Kilifi hapatikani kwingine kokote duniani ila katika kaunti hii. Ndovu pia wamo, kwa hiyo mtu asiingie bila kiongozi. Mchana msafara urudi Malindi kwa mapumziko.

Siku ya tano: Malindi mjini. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, kanisa dogo la Wareno na jumba la makavazi vyote vinafikika kwa miguu au kwa tuktuk. Wageni waonyeshwe pia sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914. Kaburi lake liko Bungale, katika kaunti ndogo ya Magarini. Jioni ni ya kurudi Mambrui.

Siku ya sita: Marafa. Bonde la Nyari hufikika kwa barabara ya Marikebuni. Asubuhi ipumzikwe, safari ianze mchana, kwa kuwa kuta za bonde hupendeza zaidi jua linapoelekea kuzama na joto hupungua. Wenyeji husimulia habari za tajiri aliyeogea maziwa huku majirani wakikosa maji, hadi nyumba yake ikadidimizwa. Wataalamu wa miamba wanasema ni mvua na upepo vilivyoula mchanga laini kwa miaka mingi. Kiongozi mzuri husimulia yote mawili. Mvua ikiwa imenyesha, siku hii ibadilishwe na nyingine.

Siku ya saba: Ngomeni. Sasa maji yanajaa mnamo saa tatu asubuhi, saa inayofaa kabisa kupita kwenye mikoko kwa mashua. Njiani wageni wataona mashamba ya chumvi ya Gongoni. Baharini yapo majukwaa ya kituo cha anga cha Waitaliano. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Ilipewa jina hilo kwa kuwa ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Kituo chenyewe hakiingiwi bila kibali.

Hesabu ya fedha

Bajeti igawanywe mafungu manne: usafiri, viingilio, malazi na chakula, na akiba ya dharura. Fungu la nne lisiguswe hadi siku ya mwisho.

Kwa usafiri, familia ya watu wawili au watatu hupata nafuu kwa matatu. Watu sita na zaidi walinganishe: nauli ya mmoja, mara idadi yao, kwenda na kurudi, pamoja na bodaboda za kutoka barabara kuu. Jumla hiyo ikikaribia bei ya kukodi gari la siku nzima, gari ni bora, hasa kwa Marafa.

Kwa viingilio, raia wa Kenya hulipa ada ya chini kuliko mgeni wa nje. Lakini ni lazima athibitishe. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, na watoto wabebewe nakala za vyeti vya kuzaliwa. Jamaa anayetoka ng'ambo abebe pasipoti au kitambulisho cha Kenya kama anacho. Ada za hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu, hivyo simu iwe na chaji na akaunti ifunguliwe nyumbani kabla ya safari.

Bei ya mashua na ya kiongozi ikubaliwe kabla ya kuondoka, na iulizwe wazi: ni ya chombo kizima au ya kila mtu? Ni ya saa ngapi? Kiingilio cha hifadhi kimo ndani au la? Ugomvi mwingi wa ufuoni hutokana na maswali haya matatu kutoulizwa.

Usalama na adabu

Hakuna matembezi yanayostahili uhai wa mtu. Chombo kisipandwe kama hakina jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, watoto wakiwemo, au kama kimejazwa kupita kiasi. Nahodha akisema bahari si nzuri leo, neno lake lichukuliwe. Siku ya bahari inaweza kubadilishwa na siku ya Malindi mjini bila hasara. Asiyejua kuogelea asiingie kwenye maji ya mlango wa mto. Namba za dharura nchini ni 999 na 112.

Chupa na sahani za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fuo zilizolindwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Maji yabebwe katika chupa ya kujazwa tena.

Katika mji wa zamani wa Mambrui, wageni wavae mavazi ya heshima, nguo za kuogelea zibaki ufuoni, na watu wasipigwe picha bila idhini. Siku ya Ijumaa matembezi ya mjini yangoje hadi baada ya sala. Vipande vya kaure au mawe ya magofu visiokotwe, hata kama vinaonekana ni vitu vidogo tu. Kila kimoja kinachoondoka ni sehemu ya historia isiyorudi, na sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na urithi inavilinda.

Kabla ya kufunga mizigo

Wenye nyumba wakumbuke mambo matano: mwezi umetazamwe, vitambulisho vimekusanywe, malazi ya usiku wa pili na wa tatu yamelipiwe, nahodha na viongozi wamepigiwe simu, na akiba imetengwe. Yakikamilika hayo, wiki itajiendesha. Na mgeni atakapopanda basi la kurudi, mwenyeji naye atakuwa ameiona kaunti yake.