JOHN SNOW: DAKTARI WA NUSU KAPUTI ALIYEGUNDUA NJIA YA KIPINDUPINDU

Tunapotembelea nyumba kwa nyumba, akina mama walioambiwa watajifungua kwa upasuaji huniuliza swali moja: "Mwanangu, nikipigwa nusu kaputi, nitaamka?" Hofu hiyo ni ya zamani, na yuko daktari Mwingereza aliyeishughulikia kwa vitendo.

John Snow alizaliwa mwaka 1813 mjini York, mtoto wa kwanza wa kibarua. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari wa upasuaji. Huko aliwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe waliougua kipindupindu.

Zamani hizo mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, huku ameshikwa na watu. Mwaka 1846 dawa ya kuvuta iitwayo etha ilianza kutumika Marekani, ikafika London mwaka huohuo. Mwaka 1847 ikafuata klorofomu. Wengi waliimwaga tu kwenye kitambaa bila kipimo. Januari 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki alipopewa klorofomu ili atolewe ukucha wa mguu. Watu wakaogopa.

Snow hakuikataa dawa, bali aliipima. Alitengeneza vyombo vya kumpa mgonjwa mvuke kwa kiasi, akachunguza pumzi na mapigo ya moyo, akaandika habari za wagonjwa wake daftarini. Mwaka 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu kidogo kidogo kwa dakika 53, wakati akijifungua mtoto wake wa nane. Mama na mtoto walitoka salama.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kipindupindu huletwa na harufu mbaya. Snow, aliyejua vizuri tabia za hewa na mvuke, hakukubali. Alisema ugonjwa unaingia kwa kinywa, kupitia maji yenye kinyesi. Mwaka 1854 ulipoua watu zaidi ya 600 eneo la Soho, London, alipita nyumba za wafiwa akiuliza walichota maji wapi. Wengi walitumia pampu ya Broad Street. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, lakini tarehe 8 Septemba viongozi waliondoa mpini wa pampu hiyo.

Alifariki mwaka 1858 akiwa na miaka 45, kabla madaktari wengi hawajamkubali.

Mama, jawabu lako ni hili: dawa ya usingizi haikosi hatari, ila leo inatolewa kwa kipimo, na mtaalamu huangalia pumzi na moyo wako hadi mwisho. Nawe msaidie. Sema kweli ulikula saa ngapi na unatumia dawa gani, hata za kienyeji.

Na sisi wahudumu wa afya tukija kuuliza mnachota maji wapi na kama mnayatia dawa, msituchoke. Maswali hayo ndiyo aliyouliza Snow kule Soho.