Kutaja chanzo ni jambo moja, kupata idhini ni jingine

Ninaposahihisha tasnifu za wanafunzi, mara nyingi mimi hukutana na aya ambayo Kiswahili chake kimebadilika ghafla. Nikiuliza imetoka wapi, jibu huwa, "Mwalimu, nilitoa Google." Google haijaandika chochote hapo. Imekuonyesha tu njia ya kumfikia mwandishi.

Wengi huchanganya ukiukaji wa hakimiliki na wizi wa kitaaluma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu kutumia kazi ya mtu bila idhini yake kwa ajili ya utafiti, matumizi binafsi, uhakiki au kuripoti matukio, mradi matumizi yenyewe yawe ya haki na chanzo kitajwe inavyopasa. Hivyo, anayehakiki riwaya anaweza kunukuu sentensi mbili tatu. Lakini kuipiga picha riwaya nzima na kuisambaza WhatsApp si uhakiki, hata kama jina la mwandishi linang'aa kwenye jalada. Hapo chanzo kimetajwa, ila haki imevunjwa.

Kinyume chake pia hutokea. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa sheria yetu, hakimiliki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwaka ambao mtunzi alifariki, kwa hivyo yake iliisha na mwaka wa 2012. Huhitaji idhini kumchapisha. Hata hivyo, ukiutia ubeti wake jina lako, wewe ni mwizi. Sheria haikudai kitu; taaluma inakudai ukweli.

Basi tuwafunze nini? Kubadilisha "mwanafunzi" kuwa "mwanagenzi" na kuacha sentensi ilivyo si kueleza upya. Soma aya, funga simu, mweleze mwenzako kwa mdomo, ndipo uandike. Kisha rudi ulinganishe. Maneno yaliyobaki ya mwandishi yatie alama za kunukuu. Na hata ukieleza kwa maneno yako, wazo bado ni lake: mtaje. Jina, mwaka na ukurasa viandike papo hapo unaposoma, si usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Siku ya kutetea tasnifu, msomi huulizwa maana ya alichoandika, na aliyenakili hubaki kimya mbele ya sentensi zake mwenyewe.