Bundi, popo na mizuka: Kwa nini familia za Uingereza hutembea gizani Oktoba

Mwezi Oktoba unapokaribia kuisha, wazazi wengi nchini Uingereza hufanya jambo ambalo mzazi wa huku kwetu angelistaajabia. Huwavisha watoto makoti mazito na mabuti ya mpira, kisha huwapeleka msituni au makaburini gizani, kwa kusudi. Huko husikiliza bundi, hutafuta popo, na pengine husimuliwa visa vya mizuka inayosemekana kuzurura katika majumba ya kale.

Huo ni msimu wa mapukutiko, ambapo majani ya miti hubadilika rangi na kudondoka. Lakini sababu ya kwanza ya matembezi haya ni jua. Sisi tunaoishi kwenye Ikweta tumezoea jua kutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mjini York, kaskazini mwa Uingereza, jua la Juni huchwa karibu saa nne usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote nchini hurudishwa nyuma kwa saa moja, na tangu hapo jua huzama mwendo wa saa kumi na nusu. Mtoto wa miaka sita basi huweza kuliona giza totoro na bado akafika kitandani mapema. Isitoshe, shule huwa zimefungwa kwa mapumziko mafupi, na tarehe 31 ni Halloween, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Wanyama nao wana kalenda yao. Bundi wa kahawia, anayesikika zaidi katika misitu ya nchi hiyo, hupiga kelele nyingi mno Oktoba na Novemba. Makinda ya mwaka huo huwa yamekomaa na wazazi wao huyafukuza. Kila mmoja hutafuta himaya yake, na himaya ya bundi hulindwa kwa sauti. Watoto wa Kiingereza hufunzwa kwamba bundi hulia "tuwit-tuwuu". Kiongozi wa matembezi huwafafanulia kuwa huo si mlio wa ndege mmoja: "ki-wik" kwa kawaida ni wa jike, na "huu-huu" wa kutetema ni wa dume.

Popo wamo mbioni kula kabla ya usingizi wao mrefu wa baridi, unaoanza Novemba hivi wadudu wanapoadimika. Popo mdogo mwenye uzito wa gramu tano tu huweza kumeza wadudu wapatao 3,000 kwa usiku mmoja. Huwawinda kwa mwangwi wa sauti yenye mitetemo 45,000 au zaidi kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukoma kwenye 20,000. Kiongozi hubeba kifaa kidogo kinachoishusha sauti hiyo hadi ikasikika kama makofi ya haraka. Mtoto aliyeambiwa kuwa gizani hamna kitu hugundua ghafla kwamba anga iliyo juu yake imejaa makelele.

Tochi huzimwa. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na mmweko mmoja tu huibatilisha kazi hiyo yote.

Ziara za mizuka ni biashara nyingine, ingawa aghalabu familia ni zile zile. York, mji ulioanzishwa na Warumi mwaka wa 71, ni maarufu kwa ziara hizo. Moja iliyoanza mwaka wa 1973 hujitangaza kuwa ndiyo kongwe zaidi duniani. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Harry Martindale. Mwaka wa 1953, akiwa mwanagenzi wa miaka 18, alikuwa akifanya kazi ya mabomba katika chumba cha chini cha jumba liitwalo Treasurer's House. Kwa maelezo yake, askari wa Kirumi walichomoza ukutani wakionekana kuanzia magotini kwenda juu. Walipofika mahali palipochimbwa hadi kwenye barabara ya Kirumi, miguu yao ikaonekana. Atakaye na aamini. Asiyeamini naye hutoka na somo la akiolojia, kwamba miji ya kale huzama, kila kizazi kikijenga juu ya vifusi vya kilichotangulia.

Si ajabu kwamba visa vingi huzaliwa makanisani. Bundi mweupe hukaa katika minara ya makanisa na katika maghala. Mbawa zake hazivumi, kwa kuwa manyoya ya ukingo wa mbele yana meno kama ya kitana yanayoupasua upepo, na mlio wake ni ukwenzi mkali. Anayekutana naye gizani hafikirii ndege.

Waingereza hawakuwa wapole kwake daima. Hadi karne ya 19, wakulima wengine walimpigilia misumari mlangoni mwa ghala ili kufukuza mikosi. Sisi bado hatujatoka huko. Bundi mweupe yupo Kenya pia, na akilia juu ya paa wengi hulichukua kuwa tangazo la kifo. Hupigwa mawe, na mayai yake huvunjwa. Ndege huyo hula panya watatu au wanne kwa usiku, panya hao hao wanaotoboa magunia ya mahindi. Anayemuua hujiongezea hasara ghalani.

Mizuka na bundi tunao mahali pamoja pia. Magofu ya Gede katika Kaunti ya Kilifi, mji uliohamwa karne ya 17 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2024, huhofiwa na wakazi wengi wa jirani kwa sababu ya pepo wanaoaminika kuyalinda. Karibu na hapo upo msitu wa Arabuko-Sokoke, anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi. Wanasayansi walimtambua mwaka wa 1965, na mbali na pwani yetu hujulikana Usambara Mashariki nchini Tanzania pekee. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka Ulaya kuja kumtafuta.