Amani ya Burundi: Jeshi ni la Nani?

Mkataba wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, chini ya usuluhishi wa Mzee Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya Mwalimu Nyerere kufariki mwaka 1999. Vita havikukoma. CNDD-FDD na FNL, waliokuwa msituni na bunduki, hawakutia saini. Ilibidi CNDD-FDD waje hapa jirani, Pretoria, Oktoba 2003, ndipo swali gumu likajibiwa: jeshi ni la nani? Arusha ilikwisha kuamua kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Pretoria ikawapa waasi hao asilimia 40 ya maofisa. Waweza kuiita hesabu ya dukani. Lakini machafuko ya mwaka 2015 yalipowakimbiza tena Warundi wengi, hayakuwapanga Wahutu huku na Watutsi kule.