Hela, Pesa na Fedha: Maneno ya Mkopo katika Njia ya Tabora

Wafasiri na walimu huuliza mara kwa mara kama neno la kigeni lifaa kukubaliwa, ama lifutwe na mahali pake pachukuliwe na neno la asili ya Kibantu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba asili ya neno si kipimo cha kutosha. Kipimo kilicho bora ni kazi ambayo wasemaji wenyewe wamekwisha kulipa neno hilo. Mifano imechukuliwa hasa Tabora, njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Kabla ya utawala wa Wazungu, wapagazi walikuwa wamekwisha kufikisha Tabora nguo iliyoitwa merikani, yaani nguo ya Marekani. Neno hilo halikungoja bendera, lilifuata bidhaa. Vivyo hivyo rupia na pesa yalitoka Bara Hindi pamoja na sarafu zenyewe.

Wajerumani walipotawala, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 hesabu hiyo ilibadilishwa, rupia ikawa na heller 100, na wananchi wakaiita sarafu hiyo ndogo hela. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu zilipokuwa haziwezi kuletwa kwa bahari, Wajerumani walizitengeneza Tabora kwenyewe. Hela za mwaka 1916, za shaba nyeupe na nyekundu, zina herufi T. Mwezi Septemba mwaka huohuo mji ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji, na mwaka 1921 ikaanza shilingi ya Afrika Mashariki. Sarafu ikafa, lakini jina lake likapanuka maana: hela sasa ni mali yoyote ya kununulia.

Je, lugha imepata hasara kwa kuwa na maneno matatu? La. Kila moja lina zamu yake. Fedha, lenye asili ya Kiarabu, ni neno la ofisi na sheria, kama katika Wizara ya Fedha; tena ni jina la madini, kama katika medali ya fedha. Pesa hutumika popote, hata katika huduma za kutuma pesa kwa simu. Hela ni neno la mazungumzo, hasa Tanzania Bara. Mwalimu akisahihisha hela katika barua rasmi, anasahihisha mtindo. Akilifuta kwa kuwa ni la Kijerumani, hana budi kufuta shule pia.

Neno shule nalo lina mafunzo. Limetokana na Kijerumani, kwani serikali ile ilifundisha kwa Kiswahili katika shule zake; Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, hutumia skuli. Lakini reli, iliyojengwa na Wajerumani hata ikafika Tabora mwaka 1912, imebaki na maneno ya Kiingereza: reli, treni, stesheni. Aliyejenga si lazima awe ndiye aliyetoa jina.

Hali hii si yetu peke yetu. Kiindonesia kilikopa kwa Kiholanzi maneno ya kila siku, kama kantor (ofisi) na handuk (taulo). Kilipata pia kiishio -asi kutokana na -atie ya Kiholanzi, kama katika organisasi. Baadaye Kiingereza kilipozidi nguvu, maneno mapya yalitiwa katika kalibu ileile: Waholanzi husema globalisering, lakini Waindonesia husema globalisasi. Wamalay, waliotawaliwa na Waingereza, husema televisyen pale Waindonesia wasemapo televisi.

Sisi pia tunazo kalibu: -sheni katika stesheni, kamisheni na operesheni, -lojia katika teknolojia na jiolojia. Kwa hiyo yapendekezwa:

(a) Neno lililokwisha kuenea lisifutwe kwa sababu ya asili yake. Lielezwe mahali linapofaa.

(b) Neno jipya likikopwa, lifuate kalibu iliyopo.

(c) Panapokuwa na maneno mawili, kama televisheni na runinga, kila ofisi ichague moja na kulishika katika waraka mzima.

Idara tatu zikikopa kwa njia tatu, mwananchi atasoma jambo moja kwa majina matatu, na pengine atadhani kwamba ni mambo matatu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ugeni wa neno lolote.