Pilipili manga ya Mkuyuni: Bei haianzii kwenye mizani

WAKULIMA wa viungo katika Milima ya Uluguru wamezoea kumlaumu dalali. Dalali naye humlaumu mkulima kwamba anamletea pilipili changa, na mnunuzi wa Dar es Salaam huwalaumu wote wawili. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, utaona ana haki.

Mkuyuni, kwenye barabara itokayo Bigwa kuelekea Matombo na Kisaki, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Upande huu wa mashariki wa milima hupata mvua itokayo baharini, na shamba moja laweza kuwa na migomba, michungwa, mifenesi, midalasini, pamoja na mpilipili manga uliopanda juu ya mti mwingine.

Mpilipili manga huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Kishada hutakiwa kuchumwa pale punje chache zinapoanza kuwa nyekundu. Zikishaanikwa, kilo tatu mbichi hubaki takriban kilo moja kavu. Punje iliyochumwa changa hukauka ikawa nyepesi, nyingine hubaki ganda tupu. Wanunuzi wakubwa wa nje hupima uzito wa lita moja ya pilipili, hivyo hawadanganyiki kwa rangi.

Kwa nini basi mkulima achume mapema? Anaogopa wezi, na anataka fedha ya sare za watoto au ya hospitali. Jirani akishachuma, shamba lililobaki ndilo litakaloibiwa, kwa hiyo naye anachuma. Dalali anajua mzigo umechanganyika, basi hutoa bei moja kwa wote, nayo ni ya pilipili mbaya. Aliyesubiri hapati hata shilingi ya ziada. Msimu unaofuata naye hasubiri tena, na kwa kuwa bei ilikuwa ya kutupa, shida ya fedha inamkuta mapema zaidi kuliko mwaka uliopita.

Katika mzunguko huo huwezi kumwonyesha mtu mmoja aliyeharibu. Wataalamu wa biashara huita utazamaji wa namna hii kufikiri kimfumo. Mmoja wa waasisi wake, Jay Forrester, alikuwa mhandisi wa umeme aliyehamia shule ya biashara ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1956. Alichunguza viwanda vya General Electric huko Kentucky, ambavyo kwa miaka kadhaa viliajiri watu kwa wingi, kisha vikawapunguza, kisha vikaajiri tena. Wakuu wake walidhani ni soko. Forrester alipiga hesabu kwa penseli na karatasi akaonyesha kuwa hata wateja wangekuwa walewale, taratibu za viwanda hivyo za kuagiza na kuajiri zingeleta kupanda na kushuka kulekule.

Uluguru ina somo lake la zamani zaidi. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa kweli unaondoka. Lakini mpango ulitazama udongo tu, ukasahau nguvu kazi ya kaya, chakula cha mwaka huo na ardhi ambayo kwa Waluguru ni ya ukoo wa mama. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukafa. Miaka 50 hivi baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalikuja na hesabu nyingine huko Kibungo Juu: Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu, basi mtumiaji wa maji wa chini na amlipe mkulima wa juu anayehifadhi udongo. Dawasco, iliyokuwa ikisambaza maji ya jiji wakati huo, ilikubali kuchangia. Makinga maji yalikuwa yaleyale kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni nani anafaidika nayo.

Vikundi vya wakulima hukwama mara nyingi kwenye lengo lenyewe. Kikundi kikijiwekea lengo la kukusanya kilo nyingi kuliko mwaka jana, kitazipata, zikiwa mbichi na zenye vikonyo. Kikihesabu wanachama, kitapata majina daftarini. Lengo lenye maana kwa mkulima ni fedha inayobaki mkononi baada ya kulipa wachumaji, magunia na usafiri, na hilo huonekana tu mapokezi yakitenganisha madaraja na kila daraja likawa na bei yake.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu aliyesubiri akilipwa zaidi, jirani yake ataona. Kijiji kikikubaliana pia tarehe ya kuanza kuchuma, pilipili itakayoonekana sokoni kabla ya siku hiyo itaulizwa ilikotoka, na mwizi hukosa pa kuuzia.

Lakini kikundi kisipokuwa na mtaji wa kulipa sehemu ya fedha siku ileile ya kupokea mzigo, hayo yote hayatadumu. Mwanachama aliyeambiwa asubiri miezi miwili atapitia mlango wa nyuma kwa dalali, na mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kulaumiwa. Kwa hiyo akiba ya kikundi au mkopo wa SACCOS vishughulikiwe kabla ya msimu, wakati vishada bado ni vya kijani.